Herufi Moja Pungufu

Tajiri wa kuku na chipsi ninayemchorea mabango haingii mgahawani kwake kwa mlango wa mbele. Hupitia jikoni, hufumba macho, husikiliza mafuta, kisha humwambia mpishi, "Ongeza moto, mama, mafuta yako yananong'ona." Hula kipande kimoja, tena wima, kama mtu anayefukuzwa. Na kila bango lake lazima lisomeke KUKU WA KUKANGA, herufi moja pungufu, kama la kibanda chake cha kwanza. Mafundi wenzangu walishanicheka mpaka basi. Kwenye tawi la kumi na mbili nikaiongeza ile A kimyakimya.

Alipofika alisimama chini ya ngazi, akasoma taratibu, midomo ikichezacheza.

"Fundi, umeongeza kitu."

"Nimesahihisha, bosi. Watu wanatucheka."

Hakunifokea. Alipanda ngazi na suti yake, akaifuta ile A mbichi kwa kidole gumba chenye kovu la mafuta. Pengo likabaki katikati ya neno.

"Waache wacheke," alisema, bado anakiangalia kile kidole chekundu. "Aliyeniandikia lile la kwanza akipita hapa, atajuaje kuwa ni kwangu?"