Jumapili ya Mhudumu Bora

Mimi ni mpishi, na mpishi anaiona dunia kupitia dirisha. Dirisha letu la kutolea chakula ni dogo, halizidi trei moja na nusu, lakini kwa miaka kumi na minne nimeona hapo upuuzi wa kujaza gunia. Nimeona mteja akimpigia mhudumu mluzi kama anaita mbwa. Nimeona mama wa heshima zake akiingiza vijiko vya chai kwenye mkoba, kimoja kimoja, huku anasifia huduma. Wote hao ni cha mtoto kwa Meneja wetu, na leo nitamsema, maana nikinyamaza nitapasuka.

Ila hadithi yenyewe si yake. Mtu yule hana hadhi ya kuwa na hadithi. Hadithi ni ya Mizani.

Mizani tulimpa jina hilo kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Sahani nne zilikaa juu ya mkono huo, kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko, na supu haikutikisika. Mumewe alikuwa mhudumu hapa hapa. Yeye tulimwita Kalamu, kwa sababu alichomeka kalamu sikioni miaka yote na sikumwona hata siku moja akiandika nayo. Oda ya meza ya watu tisa aliibeba kichwani akaja kuimwaga dirishani kwangu neno kwa neno. Kalamu alikuwa rafiki yangu, tena wa kufa na kuzikana, ndivyo tulivyokuwa tukijidanganya. Mkewe akaniita shemeji tangu siku ya kwanza. "Shemeji, kuku wawili, mmoja usimtie pilipili." Hata kama nimetoka kuungua na mafuta, nikisikia shemeji nilicheka.

Wahudumu walikuwa wanane. Ikaja korona, mgahawa ukafungwa, tukaambiwa twendeni nyumbani tutaitwa. Kalamu akaenda kumwona mama yake kijijini, wiki moja tu, alisema. Barabara zikafungwa akiwa huko. Ugonjwa ukamkuta huko, akazikwa huko na watu waliovaa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi miguuni, na mkewe huku mjini amefungiwa ndani anasikiliza mazishi ya mume wake kwenye simu iliyokuwa ikikatika kila baada ya dakika mbili. Udongo wenyewe hakuusikia. Mtandao ulikuwa umekata.

Mgahawa ulipofunguliwa, kati ya wale wanane alirudi mmoja. Mwingine alikuwa anauza viatu, mwingine anasambaza vifurushi kwa pikipiki, wengine wamehama mji. Walisema waziwazi: kusimama saa kumi na tatu kwa mshahara ule, na wateja wale? Ng'o! Siwalaumu hata kidogo. Mizani alirudi kwa kuwa kodi ya nyumba haijui matanga.

Ndipo tajiri, mwenye mgahawa, akatuletea Meneja, mpwa wake. Tai shingoni, viatu vimechongoka mbele, na ukimwonyesha sufuria na sinia hajui ipi ni ipi. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu kuhusu huduma kwa mteja, akarudi na cheti na maneno. Angeweza kuongeza mshahara akapata watu. Thubutu! Alibandika tangazo mlangoni, "Tunatafuta wahudumu wenye moyo," na kila aliyeuliza mshahara alijibiwa, "Kwanza tuone huo moyo." Aliyekaa sana alikaa siku sita. Kila mmoja akiondoka, Meneja alijiegemeza kwenye kaunta akawaambia wateja, "Watu wa siku hizi hawataki kazi." Na wateja, midomo imejaa kuku aliyeletwa na mwanamke mmoja anayekimbizana na meza kumi na sita, walitikisa vichwa. Kweli kabisa, hawataki kazi. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini sijawahi kuona madebe yakiitikiana namna ile.

Halafu akagusa bakshishi. Zamani mteja alikunja noti yake akaiweka chini ya sahani, mhudumu akaikuta, kwisha maneno. Meneja akaleta kasha la kioo lenye kufuli, limeandikwa "Kwa Timu Yetu", ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Kila mwisho wa wiki aligawa kwa orodha, na orodha hiyo, ambayo hakuna aliyeonyeshwa, bado ilikuwa na watu wanane. Mafungu ya saba wasiokuwepo yalikuwa "yanatunzwa mpaka warudi". Yalitunzwa wapi? Viulize vile viatu vyake vilivyochongoka. Wengine husikia habari za wafanyakazi hewa redioni. Sisi tulikuwa nao ndani ya nyumba.

Sasa ukistaajabu ya Musa, subiri ya Firauni. Asubuhi moja Meneja alitukusanya, yaani mimi, Mizani na mama anayeosha vyombo, akatangaza shindano. Mhudumu Bora wa Mwezi! Picha ya mshindi itatundikwa ukumbini, na zawadi ni Jumapili moja ya mapumziko, yenye malipo. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Shindano la wahudumu, na mhudumu ni mmoja. Mizani akaja dirishani anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Shemeji, hili nalo nikishindwa, nikajitupe."

Akashindwa. Mwezi wa kwanza ilitundikwa picha ya yule muuza viatu, imechukuliwa kwenye kabati la mafaili ya zamani na kukuzwa. Mizani akaenda ofisini kuuliza. Meneja akamjibu kwa upole wa kwenye semina, "Mama, tumia akili. Ukishinda wewe, Jumapili atahudumu nani?" Mwezi wa pili akashinda wa pikipiki. Mwezi wa tatu akashinda dada aliyehama mji na ambaye, nijuavyo mimi, alikuwa mvivu wa kutupwa. Wateja walitazama picha, wakasema kumbe wako wengi, wakatia noti kwenye kasha.

Mwezi wa nne mama mkwe wa Mizani akapiga simu. Watu wa kule wamechanga saruji, kaburi la Kalamu lijengwe. Ukoo wote utakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri. "Mwanangu, miaka mitatu hujakanyaga hapa," mama yule alisema. "Mimi najua ni kazi. Lakini tukijenga bila wewe, watu hawatasema ni kazi."

Basi la kwenda kule ni moja tu kwa siku, linaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa nane mchana. Sisi tunafunga Jumatatu tu. Kwa hiyo alichohitaji mwanamke huyu duniani ni Jumapili moja. Aende Jumapili, arudi Jumatatu, Jumanne awe mezani na sahani zake nne. Akaomba. Meneja akasema atakayekosa Jumapili asijisumbue kuja Jumanne. Halafu, kwa kuwa shetani naye anajua kubembeleza, akaongeza, "Ila kaza mwezi huu. Nitakufikiria kwenye shindano."

Na akakaza, masikini! Alifika kabla yangu. Alifuta meza ambazo zilikuwa safi. Alimchekea mpiga mluzi. Miguu ilivimba mpaka akawa anafungua kamba za viatu chini ya kaunta. Mimi nikimwambia, "Shemeji, huyu mtu hana haya wala soni, usimwamini," yeye ananijibu, "Shemeji, wacha nimwamini, sina mwingine." Ukweli ni kwamba angeenda tu, yule bwege asingethubutu kumfukuza, maana angebaki na kasha lake la kioo na hakuna wa kubeba hata chumvi. Lakini tulikuwa tumezoea kuogopa, na mazoea yana tabu.

Jumamosi, kesho yake ndiyo Jumapili yenyewe, Meneja aliniita ukumbini kabla hatujafungua. Ana fremu, ana nyundo. "Mpishi, wewe una mkono mzito, nigongee msumari hapa." Nikaigeuza ile fremu nione uso.

Alikuwa Kalamu, na kalamu yake sikioni.

Meneja hakumjua. Angemjuaje? Alikuja baada yake, na hakuwahi kuuliza habari za mtu yeyote asiyemdai au kumlipa. Alifungua kabati, akachomoa faili lililofuata. Ningeweza kusema neno moja. Huyu amekufa. Maneno mawili, basi. Nikajiambia hayanihusu. Nikajiambia Mizani ana haraka, hatatazama ukuta. Nikagonga msumari, nikatundika, nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Saa saba mchana ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Meneja akagonga glasi kwa kijiko, kama alivyofundishwa. "Wapendwa wateja, Mhudumu Bora wetu wa mwezi huu! Makofi tafadhali! Hayupo hapa sasa hivi, ana zamu ya jioni." Watu wakapiga makofi bila kuacha kutafuna. Mizani alikuwa katikati ya ukumbi, sahani nne mkononi, na akageuka kutazama.

Sahani hazikuanguka. Alikwenda mpaka mezani akazipanga mbele ya watu wanne, ila alimpa kuku aliyeagiza samaki na samaki aliyeagiza nyama, na katika miaka yote ile sikuwa nimemwona akikosea. Kisha akaenda ukutani akasimama karibu kabisa na picha.

"Meneja, huyu ndiye aliyeshinda?"

"Ndiye. Mchapakazi sana huyu. Muige."

"Na anakuja zamu ya jioni?"

"Anakuja."

"Basi nitamsubiri," Mizani akasema. "Nimeshamsubiri miaka mitatu, jioni si mbali."

Meneja akacheka kidogo, akatazama wateja ili nao wacheke. Kuna mmoja alicheka.

"Huyu ni mume wangu," akasema Mizani. "Alikufa kwa korona. Hapa mjini kila mtu anajua, hata paka wa jikoni anajua."

Watu wakaacha kutafuna. Mizani akaishusha fremu, akasoma maandishi ya chini kwa sauti, taratibu, kama anavyomsomea menyu mteja aliyesahau miwani: "Zawadi, Jumapili moja ya mapumziko, yenye malipo." Akaikumbatia kifuani.

"Yeye Jumapili anazo zote. Hii naichukua mimi, mjane wake. Kesho sipo."

"Lakini mama, utaratibu..."

"Utaratibu umeuandika wewe, ukautundika wewe. Jumapili nitakuwa kwa mshindi wako. Una salamu zozote nimpelekee?"

Meneja akashika tai yake, akailegeza. Na katikati ya hayo yote, sauti ikatoka ile meza ya watu wanne: "Samahani dada, mimi niliagiza samaki." Ndiyo wateja wetu hao. Mizani akaweka fremu kwapani, akaenda, akazibadilisha sahani zote, kila mtu akapata chake, na akafanya kazi mpaka tukafunga.

Jumapili Meneja alihudumu mwenyewe. Nilifurahi, sifichi. Alibeba sahani moja moja kwa mikono miwili kama amebeba mtoto mchanga, akamwaga supu kwenye suruali ya mtu mzito, na kufika saa tisa watu wa meza nne walikuwa wameondoka bila kula. Mmoja alimwambia mlangoni, "Kijana, tatizo lenu hamtaki kazi." Nilikwenda kuchekea kwenye stoo.

Jumanne Mizani alirudi, saruji imekaukia kwenye viatu vyake. Kasha la kioo halikuwepo kwenye kaunta, na mpaka leo halijarudi. Bakshishi inakaa chini ya sahani kama zamani. Mwezi uliofuata haukuwa na mshindi. Meneja akimpita Mizani ukumbini anajibana ukutani kama anaogopa kuungua. Nilidhani mambo yamekwisha, na kwa wema. Jumanne hiyo hiyo nikampungia mwiko dirishani.

"Shemeji, umerudi! Wamekupokeaje?"

Mizani alikuwa ameangalia ukutani, pale palipokuwa na picha. Msumari ulikuwa umebaki, umezama sawasawa, umenyooka.

"Msumari huu," akasema, "Meneja hawezi kugonga msumari hivi."

Nikaendelea kukata vitunguu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Picha uliiona?"

Ningeweza kudanganya. Nadhani alinipa nafasi ya kudanganya, maana alingoja. "Niliiona," nikasema.

"Ukamwona, ukagonga."

Mwezi mzima nilikuwa nimemcheka Meneja na ujinga wake, na yeye angalau hakumjua mtu yule. Vitunguu vikanitoa machozi, na nikaona haya hata kuyafuta, asije akadhani ni ya kweli. Mizani akafunga aproni yake, akavuta kamba nyuma ya kiuno, akaenda kwa wateja wa kwanza waliokuwa wanaingia. Wawili, mtu na mkewe. Akawakalisha, akawasikiliza, akarudi dirishani, hakunitazama usoni.

"Mpishi," akasema. "Meza ya tatu. Kuku wawili, mmoja usimtie pilipili."