Maji ya Mjomba

"Mjomba, maji yote haya unayokunywa yanakwenda wapi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, daftari la hesabu mkononi. Mjomba alikuwa fundi plasta. Aliteleza kwenye jukwaa la ghorofa ya pili, akavunjika nyonga na mapaja yote mawili, akafungwa plasta kuanzia kiunoni hadi miguuni. "Fundi kapigwa plasta mwenyewe," alisema, akiitazama dari ya nyumba yetu aliyoilainisha kwa mwiko wake.

Daktari aliagiza tuandike maji anayokunywa na mkojo anaotoa. Kazi hiyo nikapewa mimi. Siku za kwanza alitoa mengi kuliko aliyokunywa, na uso ukamvimba. Mwalimu wa sayansi alinieleza baadaye: mtu akilala tu, maji yaliyozoea kushuka miguuni hupanda kifuani na usoni, mwili unadhani yamezidi, figo zinayatoa. Wanaoelea angani, kusiko na uzito, hupatwa na hayohayo. Halafu misuli hunyauka, na mifupa isiyobeba kitu huachia madini yake kwenye damu. Figo ndizo zinazoyachuja. Ndiyo maana daktari alisisitiza jagi mbili kwa siku, la sivyo madini yataganda yawe mawe.

Baada ya wiki chache daftari langu lilisema zinaingia jagi mbili, inatoka nusu chupa ya mkojo.

"Yamepanda mwezini," mjomba alinijibu. "Andika hivyohivyo."

Nikaandika.

Mwezi wa tatu, plasta ya ukuta nyuma ya kitanda chake ikatuna na kumomonyoka. Mama akamwita fundi bomba. Akagonga huku na huku.

"Dada, ukuta huu hauna bomba hata moja."

"Sasa kaka," mama akamgeukia mjomba, "si wewe uliyeupiga plasta? Una nini?"

Mjomba, ambaye hajawahi kukubali kasoro ya kazi yake, akafumba macho. "Mchanga ulikuwa na chumvi. Nililipua kazi."

Plasta ya mwilini ilitolewa, akasimama kwa magongo, miguu myembamba kama yangu. Ila mawe yalikuwa yameshaziba figo moja, na baada ya miaka michache ya pili ikachoka. Sasa nina miaka kumi na saba. Jumatatu na Alhamisi anapelekwa kusafishwa damu, na maji anapimiwa: glasi mbili kwa siku, basi. Kiu ikimzidi ananyonya kipande cha barafu.

Mwezi uliopita nilimwonyesha lile daftari. Akafunua polepole mpaka kwenye neno "mwezini". Nilidhani atacheka.

"Nilikuwa nayamwaga ukutani ukitoka," alisema. "Kila glasi niliyokunywa, mama yako aliibeba kwenye chupa asubuhi kabla ya kwenda kazini. Yule ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni. Nikaona heri ukuta uoze."