Marahaba Iliyobaki Njiani

Kuendesha baiskeli najua. Kushuka ndiyo kazi. Na asubuhi niliyohitaji kushuka kuliko zote, mbele yangu alikuwa amesimama baba mkubwa wa kijana anayemchumbia binti yangu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mdogo wangu husema mimi ni kama kabati, ukitaka kunihamisha lazima uite watu wanne. Safari zangu ni dukani kwa Mangi na kanisani, na dukani naweza kuagiza kwa simu. Nesi aliponipima presha akaniuliza nafanya mazoezi gani, nikamjibu napanga vyombo. Hakucheka. Mdogo wangu alipopata habari akaja kwangu Njiro na baiskeli ya mtumba, ya bluu, ina kikapu mbele na kengele yenye sauti kali kama ya shule.

"Dada, hii ndiyo dawa yako," akasema. "Tena haina kipimo, meza tu."

Tulianzia bustani ya kando ya mto, ambako njia inazunguka miti na kurudi palepale, kwa hiyo mtu anaweza kuogopa bila kwenda mbali. Nilipanda kwa kusimama juu ya kalavati. Nikitaka kushuka, natafuta kalavati lingine, naliegemea polepole, naweka mguu. Pasipo na kalavati nilikuwa nazunguka mpaka lipatikane.

"Wewe unahitaji uwanja wa kutua," mdogo wangu akasema. "Nikupigie simu uwanja wa ndege wa Kisongo wakuwashie taa?"

Jumapili zilizofuata akanitoa kwenye bustani, tukawa tunakwenda njia ya pembeni ya barabara kubwa, asubuhi, sisi tukiwa watu wa ibada ya pili. Niseme ukweli, nilianza kuipenda. Upepo baridi kwenye masikio, Mlima Meru umejifunika wingu mpaka kiunoni, na mimi, mama mzima, nimevaa traksuti ya mume wangu na kofia ngumu ya baiskeli, nakwenda taratibu kiasi kwamba watembea kwa miguu walikuwa wananipita na kunipa pole.

Jumapili ile mdogo wangu alikuwa mbele. Nikaona mzee anakuja, koti jeusi, fimbo, kofia ya pama. Nikajua ni nani kabla sijaona uso. Alikuja kwetu mara moja siku ya utambulisho, na ndiye msemaji wa ukoo wao. Jumamosi iliyokuwa inakuja ndiye angeongoza wazee kuja kuposa. Siku hiyo walishaihamisha mara mbili, mara msiba, mara mvua, na binti yangu alikuwa ameanza kuniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajali, kama watu wakihamisha siku mara ya tatu inamaanisha nini.

Sasa, kwetu ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mzee, unashuka. Unashika usukani, unainamisha kichwa, unaamkia, unawekewa mkono kichwani na kujibiwa, ndipo unaondoka. Watoto wa Maji ya Chai nilikokulia wanajua hilo kabla hawajajua kuendesha. Kuamkia ukiwa umekaa juu ni kama kumwamkia mtu kupitia dirisha lako bila kufungua mlango.

Nikatafuta kalavati. Hakuna. Kushoto mtaro, kulia magari. Fizikia ya sekondari ilisema kitu kinachokwenda huendelea kwenda. Nilipata F, lakini asubuhi ile nilielewa somo lote. Nikashika breki nusu, baiskeli ikayumba, nikaachia. Kidole gumba kikatafuta mahali pa kujishikilia na kikapata kengele.

Nilimpigia kengele. Mzee akasogea, akaingia kwenye majani yenye umande na viatu vyake vya ibada, akanipisha.

"Shikamoo baba," nikasema nikimpita.

Sikusikia jibu. Labda alijibu, labda hakujibu. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali.

Mdogo wangu alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Yeye anajua kushuka.

"Labda hakukutambua," akasema. "Umevaa kofia kama fundi wa mnara."

"Yule anatambua ng'ombe wake kwa kukohoa."

"Basi usikohoe Jumamosi."

Wiki hiyo sikulala vizuri. Nikiwa nachambua mchele namwona mzee kwenye majani. Siku ya posa wazee hutoza faini kwa makosa, hilo la kawaida, watu hucheka, hutolewa blanketi au mbuzi, mambo yanaendelea. Lakini kuna makosa yasiyolipiwa. Msemaji akiinuka akisema nyumba hii haina adabu, wanachukua fimbo zao, na binti yangu anabaki na sufuria za pilau.

Nilimweleza mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na traksuti yangu ulikuwa umevaa?"

"Nilikuwa nimevaa."

"Basi kaa kimya. Asije akadhani ni mimi."

Binti yangu alitusikia. Alikuwa anafuta vikombe vya wageni, akaendelea kufuta kikombe kilekile muda mrefu. "Mama," akasema, "ungeanguka tu. Ungeanguka, angekuokota, tungeeleweka."

Ikawa kila jioni nafunga geti, najifunza kushuka uani. Unaegemeza mwili kushoto, unabana breki zote, unateremsha mguu kabla hujaanza kufikiri. Nilishukia kwenye mchaichai karibu mara zote. Nyumba ilinukia chai wiki nzima.

Jumamosi wakaja, mara hii hawakuhamisha. Nikapita kuamkia wazee mmoja mmoja, nimevaa kitenge, nimeinama kuliko inavyotakiwa. Nilipomfikia yeye nikasema, "Shikamoo baba."

Akanitazama. "Tutaongea," akasema, na mkono wake akauacha kwenye fimbo.

Nilirudi jikoni. Mdogo wangu alikuwa anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Aliponiona uso hakutania, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Sebuleni wakasali, wakaulizana habari za mifugo, kisha sauti yake ikasikika peke yake. Tukaitwa. Binti yangu akabaki mlangoni na sinia la vikombe.

"Kabla sijasema lililotuleta," akasema mzee, "kuna jambo kati yangu na mama wa nyumba hii. Jumapili nilikuwa natembea kwenda kusali. Nikapigiwa kengele. Nikasema hii ni ambulansi, nikapisha. Kumbe ni mkwe."

Wazee wenzake wakatazama chini. Mmoja mabega yalikuwa yanatikisika, lakini sikujua kama ni kicheko au hasira.

"Akaniamkia," akaendelea. "Hilo nashuhudia. Nikamwitikia, nikageuka, mtu hayupo. Marahaba yangu ikabaki njiani. Sasa leo ananiamkia ya pili wakati ya kwanza hajaichukua. Nitamjibu ipi?"

Vikombe kwenye sinia vilikuwa vinagongana kidogo kidogo.

"Faini yake siyo blanketi," akasema. "Baiskeli iko wapi?"

Wote wakatoka uani. Mume wangu aliisukuma kutoka stoo kama anasindikiza mgonjwa. Nilipanda kwa kukanyaga ngazi ya baraza, kitenge nimekikunja magotini, mdogo wangu amenishikia kiti akininong'oneza, "Dada, kushoto. Mguu kwanza." Nikazunguka mkarakara, ule mti wetu wa pasheni, mara moja. Mzee alikuwa amejisimamisha katikati ya ua, ameegemea fimbo, palepale ambapo hakuna kalavati wala ukuta.

Nikaegemea kushoto. Nikabana. Mguu ukashuka, ukakuta ardhi, ukabaki. Sikuamini, nikautazama kama ni wa mtu mwingine.

Kisha nikashika usukani kwa mikono miwili, kidole gumba mbali kabisa na kengele, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

Mkono wake ukaja juu ya kichwa changu, mzito, ukakaa.

"Marahaba, mama," akasema. Akageukia wenzake. "Haya, turudini ndani tuseme shida yetu. Na huyo binti atue hilo sinia, litamwangukia."