Kwaya Zilizoondolewa Jioni

Juzi, kituo kimoja cha televisheni kinachopoteza watazamaji kilituma ofisa wake kwetu Manyatta. Alitukuta tukitoka ibadani, akauliza tungependa ratiba ibadilishwe vipi.

"Rudisheni kwaya za jioni," alisema mama mmoja, mkulima wa chai.

"Kwaya hazileti matangazo, mama," ofisa alijibu. "Watu wanataka tamthilia."

"Hao watu ni wa wapi?" mzee mmoja alidakia. Tukacheka.

Mama hakucheka. "Msichana wangu aliimba na kwaya yetu mlipokuja kuturekodi, safu ya mbele. Ako Saudia, mwaka wa tatu sasa. Mkirudia ile yetu hata mara moja tu, nitamwona."

"Kwani hapigi simu?" ofisa aliuliza.

"Anapiga. Sauti naisikia, kijana wangu. Sura ndiyo sina."

Ofisa alishusha kalamu. "Ungependa saa ngapi, mama?"

"Saa yenye mnataka. Hata ikiwa ni saa ya kupima majani kwa mizani, hiyo siku sitachuma."

Kituo kinasema hakijui watazamaji wake walikwenda wapi. Mmoja nilimwacha pale mlangoni pa kanisa, akimweleza ofisa rangi ya kitambaa alichofunga binti yake siku ile ya kurekodiwa.