Pua ya Zawadi Ilipofunguka

Kwa miaka sita Zawadi hakunusa kitu, si marashi wala choo, na kazini aliyelijua hilo alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Stefano. Wote wawili walikuwa wapima ubora katika ghala la korosho mjini Mtwara. Kazi yenyewe ni kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, korosho zikatoka, ukazikata katikati na kuzitazama. Macho yanamaliza sehemu kubwa. Ila ukungu ukiwa bado mchanga macho hayauoni, ule hunuswa. Basi Zawadi akikata, Mzee Stefano alipita nyuma yake kama mtu anayetafuta kalamu, akanusa, na kama mzigo ni mbovu akakohoa mara moja. Mchezo huo waliucheza misimu sita, na mkubwa wao wala hakushtuka.

Sasa Mzee Stefano alikuwa anastaafu.

"Binti yangu, mwezi wa kumi mimi niko shambani kwangu," alimwambia. "Hiki kikohozi nimwachie nani? Nenda katibiwe."

Ugonjwa ulijulikana siku nyingi: vinyama vimeota puani, kulia na kushoto. Matone na vidonge vilishindwa, ikabaki kisu, na kisu Zawadi alikiogopa. Lakini kazi ikiondoka angekula nini? Akaanza kutafuta mtaalamu.

Binamu yake alimrushia kwenye simu ukurasa wa daktari mmoja wa Dar es Salaam. Ulijaa picha za pua zilizonyooka kama rula, na chini imeandikwa kwamba siku saba tu unatoka mpya. Zawadi akapiga.

"Daktari, wagonjwa wako wa vinyama, wangapi vimewarudia?"

"Kwangu havirudi, dada."

"Na waliokosa harufu moja kwa moja?"

"Dada, mbona unawaza mabaya tu?"

Zawadi akaaga kwa adabu na kukata simu. Ghalani kwao, mkulima anayeapa kwamba gunia lake halina hata korosho moja mbovu ndiye anayechomwa bambo mpaka chini.

Daktari Elisha, bingwa wa masikio, pua na koo hapohapo Mtwara, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alimwonyesha picha za ndani ya pua yake, kisha akaanza kumhesabia mabaya bila kuulizwa. "Vinyama vinaweza kurudi. Mwaka juzi kuna watatu niliwafanyia tena. Kupumua, naamini utapumua. Kunusa sikuahidi, tutaona." Zawadi akamuuliza ameshafanya wangapi, nani atamlaza usingizi, na akitoka damu akiwa nyumbani ampigie nani. Yote yalijibiwa. Alimwamini, na kwa kuwa aliyaamini na hayo mabaya, hofu ilimzidi.

"Na matokeo usiyahukumu mapema," daktari aliongeza. "Ndani kutavimba, kutakuwa na magamba. Subiri wiki sita ndipo uniulize. Usipenge, usiiname, usibebe mzigo, na usikae kwenye mvuke."

Mama yake, Bi Mwajuma, alikuja kutoka kijijini kwao Kitaya kumuuguza, na kiroba cha makopa ya muhogo kichwani. Naye alikuwa na kisukari chake cha miaka mingi, kilichokwisha kumtia ganzi nyayo zote mbili, lakini ukimtajia hospitali anakuuliza habari za watoto wako.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Vitambaa vya kuzuia damu puani vilipotolewa, Zawadi alishtuka kuona urefu wake, utadhani kamba ya kisimani. Alipofika nyumbani akaanza kujipima. Kitunguu, hakuna kitu. Dagaa, hakuna. Mafuta ya taa aliyasogeza mpaka yakamgusa mdomo, na bado hakuna. Siku ya kumi akaketi sakafuni akalia kama mtoto.

"Nimekatwa bure, mama!"

"Umekatwa bure wapi? Umezibwa na uchafu," alisema Bi Mwajuma. "Ngoja nikupikie nyungu."

Ukimshangaa Zawadi hapa, basi hukulelewa Kitaya. Mwiko wa daktari aliukumbuka vizuri sana. Ila mvuke, kwa akili yake, ni ule wa ugali na maharage jikoni. Nyungu ni dawa, na tangu azaliwe hakuna homa wala mafua aliyopona pasipo kufunikwa blanketi juu ya chungu cha mkaratusi na mchaichai. Hakuna aliyewahi kuiita mvuke.

Alivuta pumzi tatu. Ya nne ilikuja na damu, nayo haikudondoka, ilimwagika. Zawadi akaruka na blanketi lake huku akipiga kelele, chungu kikapinduka, nyumba ikajaa mvuke na majani. Jirani yao Joyce akaingia mbio, akamfunga khanga usoni, akamkimbiza kwenye bajaji. Mama alibaki akipangusa sakafu.

Daktari Elisha aliizuia damu. Hakufoka. "Tunaanza kuhesabu upya," alisema tu, na Zawadi aliona haya kuliko kama angetukanwa.

Aliporudi alimkuta mama ameketi kitandani, khanga miguuni, anasema goti linamsumbua. Tangu siku ile Bi Mwajuma akawa mtu wa kitandani, akienda uani kwa kuegemea ukuta. Joyce naye akabadilika. Akija kuwajulia hali anaishia mlangoni, akikaribishwa ndani ana haraka. Zawadi aliudhika kweli. Jirani gani huyu, wagonjwa wawili ndani na yeye anajiona?

Ijumaa ya wiki ya tano ya hesabu mpya, Zawadi alikuwa akisafisha pua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama alivyoelekezwa. Gamba kubwa likatoka. Hewa ikaingia, na ndani ya hewa mlikuwa na sabuni. Sabuni! Akaushika mche mzima akaunusa, akacheka peke yake, akakimbilia kopo la tangawizi, akalia, akakimbia kumwambia mama.

Mlangoni kwa mama alisimama ghafla. Panya, aliwaza, panya amefia humu. Akainama, mwiko au si mwiko, akachungulia uvunguni. Hapakuwa na panya. Harufu ilitoka juu, kitandani.

"Mama, funua khanga."

"Mwanangu, umeanza kunusa? Alhamdulillahi!"

"Mama, funua!"

Mguu wa kulia ulikuwa umebabuka kuanzia kifundoni kwenda chini, umefungwa majani na tambara. Vidole vilikuwa vyeusi.

"Tangu lini?" Zawadi aliuliza.

"Siku ile ya chungu. Wala hauumi, mwanangu. Hata maji yaliponimwagikia sikuyasikia."

"Ukanyamaza? Wiki tano?"

"Mimi ndiye niliyekutoa damu," alisema Bi Mwajuma. "Halafu nikuletee na mguu?"

Zawadi akatoka nje. Joyce alikuwa anaanika nguo.

"Joyce, ulijua?"

Joyce akaangalia chini. "Jirani, mtu anamwambiaje mwenzake kwamba mama yake ananuka?"

Bajaji iliitwa kwa mara ya pili.

Jumatano iliyofuata, Daktari Elisha alimkuta Zawadi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, akadhani amemfuata yeye.

"Zawadi! Wiki sita hizo. Vipi, harufu imerudi?"

"Imerudi, daktari," alisema.

Mkononi alishika kandambili ya mama yake ya mguu wa kulia. Nesi alikuwa amemrudishia sasa hivi, akamwambia hii mama hataihitaji tena.