Mkono Usiofumba na Bunduki ya Upepo

Habari za msiba zilinifikia hapa Ruponda kupitia kwa dereva wa lori la ufuta, aliyesimama kuongeza maji kwenye rejeta. Aliniambia kwamba yule bwana wa Likunja, mlenga shabaha, amezikwa jana baada ya homa fupi. Nilimwuliza kama ana hakika. "Nimepita pale mwenyewe, bwana," akasema. "Watu walivyojaa, nilidhani kuna mnada." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sipendi kuijaza safu hii maombolezo, na marehemu mwenyewe angenicheka kama ningelia hapa. Alikuwa mtu wa kujisifu, tena kwa sauti kubwa, na katika jambo moja alikuwa na haki kamili ya kujisifu. Leo namsifu mimi, kwa kuwa yeye hawezi tena, na kwa kuwa nilikuwapo nikaona kwa macho yangu.

Tulifahamiana Nachingwea katika miaka ya mradi wa karanga, wakati mji wenyewe ulikuwa mahema, mabati na vumbi jekundu. Mimi nilikuwa karani wa ghala la mbegu. Yeye alikuwa amerudi kutoka vitani Burma akiwa anajua kuendesha kila chenye injini, akawekwa kwenye trekta, miongoni mwa wale waliokuwa wakiangusha pori kwa mnyororo mnene uliofungwa kati ya matrekta mawili. Alipopita sokoni, watu walimpisha. Kisha siku moja mnyororo ukakatika, ukarudi nyuma kwa kishindo na kumpiga mkono wa kushoto. Waganga wa misheni walihangaika naye hadi vidole vyote vikapona, ila vilikataa kukunjika. Kiganja chake kikabaki wazi, kama cha mtu anayepokea kitu. Usukani hakuweza kuushika tena, na jembe halikadhalika. Haukupita muda mrefu, shemeji zake wakafika kumchukua dada yao. Mkubwa wao alisema akiwa amesimama mlangoni, "Sisi tulimwoza kwa mwanamume mwenye mikono miwili." Mke akatoka na sufuria ya ugali, akawatazama mmoja mmoja. "Mume wangu hajafa," akasema. "Kaeni mle, kisha mrudi nyumbani." Walikula, lakini waliapa kwamba mavuno yakipita na bado hana kazi, watarudi, na safari hiyo hawatasikiliza maneno.

Basi ghala letu lilikuwa na panya. Sumu haikuruhusiwa kukaribia mbegu, na bunduki ya kawaida ingetoboa mabati yote. Msimamizi, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, akaleta bunduki ya upepo: ile ambayo unauvunja mtutu kama unakunja muwa, springi ikakazika ndani, ukatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, kisha ukabonyeza kifyatulio. Akatangaza kwamba anatafuta mlinzi mwenye shabaha, na wenye kutaka kazi watalenga makopo mbele yake Jumamosi ya wiki iliyofuata. Rafiki yangu alinijia akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. "Karani," akasema, "andaa magunia yako. Hao panya wameshakufa, ila hawajaambiwa tu."

Msimamizi alituruhusu kufanya mazoezi jioni nyuma ya ghala. Loo! Yule askari aliyesifika jeshini hakugusa kopo hata moja. Alikuwa ameufunga mkono wa kushoto kwenye bunduki kwa kitambaa, ili ishikwe kwa nguvu kama alivyofundishwa, na kitako amekikandamiza begani mpaka shingo inamtoka mishipa. Kirisasi kimoja kilikwenda kulia, kingine juu, kingine hatukujua kilikokwenda. Akalaumu virisasi, akalaumu upepo, akanilaumu mimi kwamba ninapumua vibaya. Tukauweka mtutu juu ya benchi la mbao ili utulie, mambo yakazidi kuharibika, bunduki ikawa inaruka kama imeumwa na siafu. Alikaa chini, akautazama mkono wake.

Mkewe alikuwa ameleta chakula na alikuwa amesimama pembeni akitazama. Mama huyu alikulia na mbuzi. "Kwa nini unaikaba hivyo?" akauliza.

"Bunduki hukabwa, mke wangu. Ndivyo tulivyofundishwa jeshini."

"Jeshini mlikuwa na hii?"

"Hii hatukuwa nayo."

"Mimi naona inaruka kabla haijatema. Inaenda nyuma, halafu mbele. Mbuzi anayetaka kuruka ukimkaba, anakuyumbisha huku na huku. Fungua huo mkono."

"Nikifungua itaanguka."

"Kiganja si kipo wazi? Ilaze juu yake."

Alinitazama, nami sikuwa na ushauri bora zaidi. Nikamfungua kile kitambaa. Akailaza bunduki juu ya kiganja kilichokataa kufumba, kitako kikagusa bega bila kulisukuma, akavuta pumzi, akaitoa nusu, akabonyeza polepole. Kopo likalia. Akatia kirisasi kingine, kopo likalia tena. Akaruka juu, akapiga yowe lililowatoa watu kwenye mahema wakidhani kuna simba.

Siku zilizofuata alielewa vizuri kilichotokea, na alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka. Bunduki ya baruti hupiga mateke risasi ikiwa imekwisha kutoka. Hii ya springi hutikisika yote wakati kirisasi bado kinasafiri ndani ya mtutu, kwa hiyo ukiibana leo sana na kesho kidogo, kila mara itakupeleka pengine. Dawa yake ni kuiacha iruke itakavyo, ilimradi iruke vilevile kila mara. Iegemee mahali palepale pa kiganja, kamwe isikae juu ya kitu kigumu. Skrubu zikazwe kila asubuhi, maana ile mitikisiko huzilegeza. Na ukishafyatua usiinue kichwa kutafuta sifa. Endelea kulenga mpaka usikie kopo. Hilo la mwisho ndilo lililomwia gumu, kwa jinsi alivyozipenda sifa.

Jumamosi ilipofika, walijitokeza watu wengi, akiwamo mwindaji mmoja wa Ruangwa aliyeogopwa kwa gobori lake. Shemeji nao walikuja wakasimama nyuma, wamekunja mikono. Mwindaji alilenga vizuri, akaangusha makopo kadhaa, akakosa kadhaa. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, msimamizi aliuona ule mkono. "Wewe utaishikaje?" akauliza.

"Siishiki, bwana. Inakaa."

Watu wakacheka. Kopo la kwanza likaanguka, wakaendelea kucheka. La pili, kicheko kikapungua. Lilipoanguka la mwisho, hakuna aliyebaki kimya: vigelegele, miluzi, mabati yakigongwa kwa mawe. Mwindaji wa Ruangwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba begani. Msimamizi alimpa mkono, kisha akampa ufunguo wa ghala. Yule shemeji mkubwa akaokota kopo moja lililobonyea, akalitia kwapani, akamwambia dada yake, "Hili nampelekea mama." Hawakurudi tena kumdai.

Mradi ulifungwa, kama sote tujuavyo. Matrekta yakaanza kuota kutu, nasi tukarudi kwenye mashamba yetu wenyewe. Msimamizi alipoondoka alimwachia ile bunduki, naye akaenda nayo kwao Likunja, akawa analinda mtama wa kijiji kizima dhidi ya ndege, na kumfundisha yeyote aliyetaka. Kila sikukuu ya Idi watu wa Ruangwa na wa Nachingwea walikutana hapo kushindana kwa makopo. Idi iliyopita nilikuwapo. Aliyewashinda wote, vijana wa mjini kwa wazee wa shamba, alikuwa mke wake. Marehemu akapanda juu ya kiti akatangaza, "Huyo nimemfundisha mimi!" Mkewe akaiweka bunduki chini taratibu, akamwuliza mbele ya umati, "Nani kamfundisha nani?" Sijapata kuona mtu akishindwa kwa furaha namna ile. Alicheka mpaka ikabidi ashushwe kwenye kiti.

Katika miaka ile niliona watu wengi walioumia wakipewa blanketi na kupandishwa lori la kurudi makwao, na hakuna aliyewauliza lolote. Rafiki yangu hakuwa hodari kuliko wao wote. Tofauti ni kwamba mkewe alikataa kumhesabu kama maiti, na msimamizi, badala ya kumfukuza kwenye mstari, alimwuliza ataishikaje bunduki, kisha akasogea pembeni aonyeshwe. Nasi tulio na kazi za kugawa tufanye hivyohivyo: tuulize, kisha tusogee pembeni.