Mama Rasimu

Pale Mabawa, wanachuo walimwita Leticia Mama Rasimu. Kazi yake ilikuwa kuchapa kwenye steshenari iliyo mkabala na chuo. Chuoni kulikuwa na somo la uandishi ambalo usipolifaulu humalizi, na sharti lake lilikuwa kwamba kwanza upeleke rasimu yenye kasoro, mhadhiri aikosoe, ndipo ulete insha safi. Sasa nani ana muda huo? Vijana walimletea insha iliyokwisha kukamilika, naye akawatengenezea rasimu kwa kuiharibu. Hitimisho alilipeleka mwanzoni, hoja moja akairudia mara tatu, na katikati akachomeka kisa cha marehemu babu yake wa Muheza, kisichohusika kabisa. Mhadhiri wao, Dokta Luqmani, alifurahi mno kuona vijana wanavyopiga hatua.

Mwaka wa sita wa kazi hiyo, Leticia mwenyewe akajiunga na chuo, akiwa na miaka arobaini na miwili. Aliapa kwamba yeye hatadanganya. Rasimu yake aliiandika wiki tatu, kwa mkono, kila neno jasho lake.

Dokta Luqmani akamwita ofisini. "Mama, umenisikitisha. Rasimu hii umeiharibu makusudi. Hitimisho mwanzoni, hoja mara tatu, na huyu babu wa Muheza namjua kama ndugu yangu. Hakuna mtu anayeandika hivi kwa dhati."

Leticia angemwambiaje kwamba miaka yote ile, alipotaka kuiharibu insha ya mtu, aliiandika tu kama anavyoandika yeye?